Ngisi wa Baba

Meza tatu za maabara tulizoziunganisha hazikumtosha. Minyiri yake miwili mirefu tuliiacha ining'inie hadi sakafuni. Meli ya uvuvi ilimkuta asubuhi akielea juu ya maji, nusu mfu, ikamleta kwetu amefunikwa turubai. Ngisi wa kawaida unamtia kikapuni na bado nafasi inabaki. Huyu, jicho lake peke yake lilikuwa pana kama sahani ya kulia, na lilinitazama.

"Usisimame kama mlingoti, dada. Shika kisu," alisema mwenzangu, fundi wa maabara tuliyembandika jina la Kipimo kwa sababu haamini kitu asichokipima.

Nikachana. Harufu kali ikapanda, ya kuwasha macho, harufu ya mkojo uliolala.

"Amonia," Kipimo alisema huku akicheka. "Samaki wana kibofu cha hewa; hawa wana hii mwilini, ndiyo inayowafanya waelee. Mtu asiyewahi kumkaribia hawezi kulijua hilo."

Mimi sikucheka. Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Miaka kumi na tisa nyuma nilikuwa karani mpya wa idara ya uvuvi, kalamu tatu mfukoni na kiburi cha kutosha. Baba na mdogo wake walikwenda baharini wawili, akarudi mmoja. Baba akasema walimkuta ngisi mkubwa kuliko mashua yao. Ba'mdogo akainama kumtia kulabu, kamba ya kulabu ikamzonga mguu, akazama na mnyama. "Na alikuwa ananuka kama choo," akaongeza mbele ya waombolezaji. Watu waliangua kicheko msibani, Mungu awasamehe. Ngisi wa kunuka choo! Hapo ndipo walipopata yakini kwamba alikuwa amelewa. Njia ya mwongo ni fupi, walinong'ona.

Mkuu wangu wa kazi alinipa mimi fomu ya uchunguzi. "Aibu ya maiti aijuaye mwosha," alisema. "Wewe unaijua nyumba ile." Niliogopa kuonekana nampendelea mzazi wangu, nikazidisha uadilifu hadi ukawa ukatili. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: Maelezo ya shahidi hayaaminiki.

Tangu siku hiyo Baba akawa Mzee Ngisi. Watoto walimwimbia njiani. Mama mdogo, mjane wa ba'mdogo, alihama mtaa bila kutuaga. Baba hakubishana na mtu. Aliketi uani akishona nyavu za wengine. Nami nikaenda kusomea viumbe wa baharini. Niliwaambia watu naipenda elimu, lakini moyoni nilikuwa namtafuta ngisi yule, nikiomba nimpate na nikiomba nisimpate.

"Baba yangu hakuwa amelewa," nilisema pale kwenye ndoo.

Kipimo, mtani wa kila mtu, aliniangalia, akanivua glavu kama anayemvua mtoto. "Nenda," alisema. "Nitamalizia mwenyewe."

Mchana uleule nililitoa faili la kifo kile idarani, nikaandika marekebisho kwenye fomu, nikaenda nayo nyumbani. Baba alikuwa uani na sindano yake ya nyavu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

Nikapiga magoti, nikamweleza yote. "Ulisema kweli nami nikakuandika mwongo. Nisamehe, Baba."

Nilitarajia machozi. Hata laana ningeipokea. Yeye aliushika mkono wangu, akaunusa, akaurudisha polepole.

"Ndiye," alisema. "Sasa wataniamini?"

"Watakuamini. Mama mdogo nitamwendea mwenyewe."

Akashona tundu moja la wavu, kisha la pili. "Unajua kwa nini sikubishana nao? Mwongo haulizwi swali la pili."

"Swali gani, Baba?"

"Ba'mdogo wako hakutaka kumgusa. Alisema, kaka, tumwache, huyu si riziki yetu. Nikamwambia, kama we mwanamume, mtie kulabu." Sindano ilikuwa imetulia mkononi mwake. "Ile kamba haikumzonga. Nilimfunga kiunoni mimi mwenyewe, mnyama asije akatuponyoka."

Fomu ilikuwa magotini pangu, na wino wake ulikuwa haujakauka vizuri.

"Mama mdogo wako yu mzima?" aliuliza.

"Mzima."

"Basi usiende wewe. Nitafutie shati lenye vifungo."

Nikaingia ndani. Shati lilikuwa juu kabisa ya sanduku, limekunjwa vizuri. Nikasimama nalo mkononi, nikimsikia huko nje akihangaika na viatu vyake, nikatamani, Mungu anisamehe, arudi kuwa mwongo.