Sukari ya Urbanus Inakokwenda

Jumanne saa nne asubuhi fundi Urbanus alikuwa barazani kwake Gungu akishona pindo la sketi ya shule, uzi ukamkataa. Aliulenga kwenye tundu la sindano mara tatu, mara zote ukapita pembeni. Jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo, vidole vikaanza kucheza vyenyewe, na ile sketi, ambayo hakuwa na ugomvi nayo tangu asubuhi, ikamchukiza ghafla kama mtu aliyemtukana. Kwa anayejichoma insulini mwaka wa kumi na moja, hizo ni habari za kawaida. Sukari ilikuwa inashuka.

Ng'ambo ya njia, kwenye benchi la Mudathir muuza kahawa, mteja mmoja aliweka kikombe chini.

"Mudathir, umeanza lini kutia sukari kwenye kahawa?"

Mudathir alionja. Kweli, kahawa yake chungu inayojulikana mpaka Katubuka ilikuwa tamu kama uji wa mzazi. Alilitazama birika, akamtazama Urbanus anavyotetemeka, akaelewa.

"Si mimi. Ni ya fundi. Inamtoka inakuja huku."

"Basi niongeze," alisema mteja.

Verediana, mke wa Urbanus, alitoka ndani na soda, akamnywesha mumewe nusu chupa, akamkalisha dakika kumi na tano kama walivyofundishwa kliniki. Mikono ikatulia, uzi ukaingia. Kahawa ya Mudathir ilibaki na utamu wake. Kilichokwisha kutoka hakikurudi.

Kliniki, nesi Elinipa, mtu wa Upareni aliyefika Kigoma kwa barua ya uhamisho, alisikiliza habari nzima bila kukunja uso.

"Ulikuwa umekula?"

Urbanus alikiri kwamba alijichoma kwanza, akajiambia atakula akimaliza sketi.

"Hapo ndipo ulipokosea, mzee wangu. Sindano ikiingia, chakula kiwe nyuma yake. Na usitoke nyumbani bila kitu kitamu mfukoni."

Kwenye kadi hapakuwa na nafasi ya kuandika sukari inakokwenda, kwa hiyo nesi akaandika pembeni kwa herufi ndogo: inakwenda kwa majirani.

Mambo yangeishia hapo kama mwezi ule sukari isingeadimika madukani. Iliadimika, na mtaa wote ukaanza kumjali Urbanus. Ikifika saa nne akina mama walikuja barazani, kila mmoja na chupa yake ya chai, wakakaa na kumwangalia usoni kama watu wanaongoja mvua.

"Mwakeye, fundi," walimwamkia kwa Kiha. "Hujala bado?"

Akisema amekula, walimpa pole. Mama mmoja alihamishia beseni lake la maandazi chini ya cherehani, moja kwa moja. Siku moja sukari ilishuka wakati muuza migebuka anapita na ndoo, na samaki wale walilika kwa chai.

Verediana akawa anamlisha mumewe kwa saa ya ukutani: ndizi, kipande cha muhogo, ndizi tena. Majirani walimwona mwanamke mchoyo.

Kisha akafa mzee Oswald, aliyefanya kazi kwenye boti za ziwani maisha yake yote. Kwenye msiba pale Gungu hakuna anayesamehewa. Mwenye kuni analeta kuni, mwenye muhogo analeta muhogo, asiye na kitu anachota maji. Jioni ileile Gervasi, mwenyekiti wa kamati ya msiba, aliingia kwa Urbanus akiwa na wajumbe wawili, wakavua viatu mlangoni.

"Msiba ni wetu sote, fundi," alianza Gervasi.

"Nitaleta kuni," alisema Urbanus.

"Kuni zimetosha."

"Muhogo, basi."

"Muhogo umezidi mpaka tunawapa mbuzi. Tunachokosa unakijua wewe mwenyewe. Kesho watu wakitoka makaburini watakunywa chai chungu? Kwa Oswald?"

Verediana aliuliza, "Na mume wangu akifa?"

Gervasi alilifikiria swali lile kwa haki. "Mama, turubai lipo, viti vipo. Hatutavirudisha haraka."

Urbanus aliona aibu kukataa. Oswald alikuwa jirani yake miaka thelathini, na tangu yeye mwenyewe aanze kuumwa sukari hakuwa na kitu ambacho mtaa ulikuwa unakihitaji. Verediana akaweka sharti moja: kikombe cha kwanza ni cha mumewe, kabla ya mtu yeyote, awe padri au diwani. Kamati ililipitisha kwa kunyoosha mikono.

Kesho yake Urbanus alijichoma kama kawaida, akaacha kula, akapelekwa jikoni nyuma ya turubai. Walimweka kwenye kiti katikati ya masufuria matatu. Verediana alisimama nyuma yake, na kwenye mkoba wake uliotundikwa mtini mlikuwa na pakiti ya glukosi kwa dharura.

Saa saba jasho likaanza. Wapishi wakashika miiko, wakawa wanaonja.

"Hili limeanza."

"Hili nalo linakuja."

"La mwisho bado, mzee. Vumilia kidogo."

Urbanus alivumilia. Aliona Gervasi wawili na akawakasirikia wote. Alimuuliza mkewe sketi iko wapi. Ulimi ulikuwa mzito, midomo haikuwa yake.

"Inatosha!" alisema Verediana. "Kikombe."

Wakati huohuo lori lilisimama barabarani likashusha ndugu wa marehemu kutoka Ilagala, watu arobaini na kitu, wenye vumbi mpaka kwenye kope.

"Wageni kwanza," alisema Gervasi.

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana kabla wageni hawajafika, mama. Tutawaambiaje?"

Verediana alifungua mkoba, akakuta pakiti haimo. Mpishi mmoja alimweleza kwa upole kwamba glukosi ilishatiwa kwenye sufuria la mwisho, kwa sababu lilikuwa linachelewa.

Basi akamshika mumewe kwapani, wakaenda kwenye foleni. Aliomba wapishwe. Watu walimwitikia vizuri, wakamwambia hata wao wametoka makaburini. Urbanus miguu ilimwisha mara mbili, na mara zote mbili jamaa wa mbele na wa nyuma walimwinua, wakamrudisha kwenye nafasi yake ileile, kwa sababu hawakuwa watu wabaya.

Mgawaji alikuwa kijana wa kiume wa Ilagala, hakumjua mtu yeyote wa Gungu.

"Mzee ni ndugu wa marehemu au ni jirani?"

"Mimi ndiye sukari," alisema Urbanus.

"Shikamoo, mzee. Sufuria hili limeisha. Hamia mstari wa pili."

Verediana ndiye aliyeinamisha sufuria. Chini palikuwa na majani na chai ya kujaza nusu kikombe, nzito kama asali. Alimkalisha mumewe chini palepale, akamshika kidevu, akamtilia kidogo kidogo, huku foleni ikiwazunguka. Urbanus alimeza. Baadaye kidogo Gervasi wawili wakawa mmoja, na huyo mmoja alikuwa amesimama mbele ya turubai akishukuru.

Alishukuru walioleta kuni, walioleta muhogo, na waliochimba kaburi. Alisema wageni wameisifu chai. Akatangaza kwamba arobaini itakuwa kubwa kuliko leo, na kwa kuwa kamati haipendi fundi Urbanus aelemewe peke yake, imeshatuma watu Ujiji kumtafuta mgonjwa mwingine wa kumsaidia. Watu wakaguna kwa kuridhika. Ilikuwa kamati yenye utu.

Urbanus alinyoosha mkono. Aliuliza kama safari hiyo anaweza kuja na kikombe chake mwenyewe.

Gervasi alisema hilo ni wazo zuri, na kamati italikalia.