Kibao cha Anneth

"Dada Anneth, tairi lako linavuja!"

Edgar, dereva wa watalii, alipaza sauti kabla hata hajazima injini. Kwenye dashibodi ya gari lile jipya taa ya njano yenye alama ya tairi ilikuwa imewaka. Nyuma, wageni wanne wenye kamera walikuwa na hamu ya kushuka Kreta kuona wanyama tu.

Anneth alihisi macho ya mtaa mzima mgongoni. Karatu yote hapakuwa na mwanamke mwingine aliyefungua matairi, na tairi lile la nyuma alilitengeneza yeye, jana.

"Si nilisema?" Mathias alidakia kutoka kwenye karakana yake ng'ambo ya barabara. "Matairi si vitumbua!"

Anneth aliinama kwenye tairi. Alichomeka geji ya upepo. "Thelathini na mbili, ileile ya jana. Hakuna upepo uliotoka."

"Kwa hiyo kompyuta ya Mjapani ndiyo mwongo?" Edgar akauliza, akiionyesha taa.

Hapo Anneth akakumbuka. Jana tairi lilikuja halina tyubu, naye akalitia tyubu, kama wafanyavyo mafundi wote wa njia zile za miiba. Ili ikae vizuri, alikifungua kidude kilichoshikamana na valvu ndani ya rimu. Sasa akakitoa kwenye kopo anamohifadhi kila anachokifungua.

"Hiki ndicho kinachopima upepo na kuiambia taa. Hakimo, ndiyo maana taa inalalamika. Kukitoa bila kukuambia ni kosa langu, Edgar. Lakini tairi ni zima."

"Nikipata pancha kule chini kwa simba?"

"Twende wote mpaka getini. Upepo ukipungua hata chembe, narudi naking'oa kibao changu cha ufundi."

"Nyundo ninayo!" Mathias akacheka.

Njia nzima Anneth hakuitazama taa; alilisikiliza tairi. Getini palikuwa na ukungu. Akashuka, akachomeka geji.

"Soma mwenyewe."

"Thelathini na nne." Edgar akakuna kichwa. "Imepanda?"

"Joto la mwendo kwenye lami hilo. Tairi linalovuja hupanda?"

Edgar akacheka, akachana kipande cha plasta, akakibandika juu ya taa. Kisha akawaambia wageni, kwa Kiingereza chake cha kazini, kwamba yule ndiye fundi wake.

Anneth alirudi kwa lori la vitunguu. Mathias alikuwa amesimama chini ya kibao, nyundo mkononi.

"Nipe," Anneth akamwambia.

Akampa. Kibao kilikuwa kimeinama tangu mwaka jana, kimeshikwa na msumari mmoja tu. Anneth akaongeza wa pili, akaugonga mpaka ukazama.

"Asante kwa nyundo, kaka Mathias."