Mkwaruzo Kwenye Valvu ya Pili

Ibalari aliingia karakanani na amplifaya mikononi, ameifunika kwa koti lake la mvua, yeye mwenyewe amelowa chapachapa. Aliiweka juu ya meza taratibu, akajipangusa uso kwa kiganja.

"Kong, inaumwa," alimwambia dada yake mkubwa, kwa lile neno la Kikhasi la kumwita dada. "Inakwaruza, utadhani kuna mtu anakaanga samaki ndani."

"Tangu lini?" Phidalia aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa akiifungua.

"Tangu Jumapili. Na tamasha ni Jumamosi hii. Nimekuja mbio kwako, maana mwingine simwamini."

Phidalia aliitikia kwa kichwa tu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chini ya duka la viatu, pale mtaa wa Laitumkhrah, na kwa miaka ishirini wapiga gitaa wa mji wa Shillong, kaskazini-mashariki mwa India, walikuwa wakimletea vyombo vyao. Wengine walianza kwa kumcheka, mwanamke na bisibisi wapi na wapi, kisha wakazoea kupanga foleni. Kazi ile alifunzwa na baba yao, Bah Rostarwell, waliyemwita Papa; ndiye aliyeiunda amplifaya hii kwa mikono yake, Phidalia akiwa bado mtoto. Alitumia vipuri vya redio kuukuu na mbao za sanduku la chai. Phidalia alikuwa hajaota hata meno yote alipoanza kumshikia nyaya.

Baba alipofariki, nyumba ilibaki kwa Ibalari. Hilo halikumuuma mtu. Kwao Wakhasi binti wa mwisho ndiye hubaki na nyumba ya mama na kumtunza. Wakubwa huolewa wakatoka. Phidalia hakuwahi kuzitamani zile kuta. Lakini wiki moja baada ya mazishi, mama yao, Mei kwa wanawe, alisema, "Papa alitaka amplifaya ibaki nyumbani." Nyumbani maana yake kwa Ibalari. Phidalia alijibu, "Sawa, Mei," akaendelea kutafuna tambuu yake. Sawa ile ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na mwaka wa pili ulikuwa unakatika haijashuka.

Kisha Ibalari akaanza kupiga gitaa kwa amplifaya hiyo mbele za watu, na jina lake likavuma. Sasa Phidalia akienda sokoni kununua tambuu, muuzaji humtazama mara mbili na kumuuliza, "Wewe si ndiye dada yake Ibalari?" Miaka ishirini alikuwa Phidalia. Leo amekuwa dada wa mtu.

"Niachie," alisema. "Pitia kesho."

Ibalari alipoondoka, Phidalia aliifungua amplifaya kwa nyuma, akaiwasha, akangoja valvu zipate moto. Ziliwaka moja moja, vichupa vya kioo vyenye wekundu hafifu ndani. Mkwaruzo ukaanza. Alipunguza sauti mpaka mwisho; mkwaruzo haukupungua hata kidogo. Basi haukuwa gitaa wala waya wa gitaa. Alichomoa valvu ya kwanza, kelele palepale. Alichomoa ya pili; kimya. Akatia valvu nyingine nzima mahali pa ile ya pili, na mkwaruzo ukarudi vilevile. Kwa hiyo valvu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kitu kinachoilisha umeme. Alichukua kijiti cha mwanzi, kile cha baba yake, akagusagusa vipuri kimoja kimoja. Kilipofika kwenye rezista moja ndogo ya kahawia, spika ikapiga kelele.

Rezista moja. Alikuwa nazo kopo zima. Kazi ya robo saa, tena na kunywa chai katikati.

Aliizima amplifaya, akakaa akiitazama. Alimwona Ibalari jukwaani, kidevu juu, sauti ya Papa ikimtoka mikononi, na watu wakisema, huyu ndiye binti wa Bah Rostarwell, kana kwamba alizaa mmoja. Wivu ulimpanda taratibu, kama maji yanayojaa ndani ya ndoo. Alirudisha mfuniko na kukaza skrubu zote nne.

Kesho yake Ibalari alifika asubuhi.

"Transfoma imeanza kufa," Phidalia alimwambia. "Itabidi niagize Kolkata. Wiki tatu."

Ibalari aliitazama amplifaya, kisha akamtazama dada yake. "Wiki tatu?"

"Ukiilazimisha itaungua yote. Unataka iungue?"

"Hapana." Aligeukia mlango. "Basi. Wewe ndiye unayejua, Kong."

Jumamosi mvua ilipumzika, na watu wakajaa uwanja wa shule mchana kweupe. Phidalia alisimama nyuma kabisa pamoja na mumewe, Kitbok. Alijiambia kwamba amekuja kumtia moyo mdogo wake, ila mwenyewe alijua alichokifuata. Nyuma ya Ibalari kulikuwa na amplifaya ya kukodi, kidude cheusi kisicho na valvu hata moja. Alipopiga noti ya kwanza, sikio la fundi likaridhika: sauti ilikuwa nyembamba, haina nyama.

Lakini ikawa kana kwamba Ibalari naye ameisikia. Aliacha kupiga kwa nguvu. Akapunguza mwendo, akaacha nafasi kati ya noti na noti, mpaka watu wakawa wanainama mbele kuisubiri inayofuata. Akina mama wa kanisani walikuwa wanatikisa vichwa na macho wameyafumba. Wimbo ulipokwisha, uwanja mzima ulisimama.

Kitbok alipiga mluzi, akacheka. "Mdogo wako huyu, hata ukimpa kopo la maziwa atalipiga."

"Ndiyo," alisema Phidalia. Jioni ile hakula. Alimwambia mumewe kichwa kinamuuma.

Jumatatu alibadilisha rezista. Alipoiwasha amplifaya ilikuwa kimya, pumzi tu ya valvu. Angeweza kuiweka wiki tatu kama alivyosema. Au angeipeleka na kudai kwamba transfoma imewahi kufika, akapewa asante na chakula juu. Ndani ya teksi alilirudia neno hilo njia nzima: imewahi, imewahi.

Alimkuta Ibalari jikoni peke yake, anachagua mchele kwenye ungo.

"Imeshafika kutoka Kolkata?" Ibalari aliuliza.

Phidalia alifungua mdomo aseme imewahi. "Haikuwa transfoma," alisema. "Ni rezista moja. Niliipata siku ileile, hata teksi hujapata."

Ibalari aliondoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa dirishani. "Najua."

"Unajua nini?"

"Kong, hata mimi nimekulia chini ya meza ya Papa. Transfoma ikianza kufa inanuka, na ukiigusa inakuunguza. Hii nilikuwa naigusa kila nikimaliza kupiga. Vuguvugu tu."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Ningesemaje? Dada yangu mwongo? Nilirudi hapa nikalia. Nikasema labda mimi ndiye sijui. Halafu nikaenda kukodi kile kidude." Aliuweka ungo chini. "Kwa nini, Kong?"

Phidalia alikuwa bado amesimama, amplifaya imemlemea mikononi. "Kijicho," alisema. "Roho ya kwa nini. Kila waya wa humu ndani nilimshikia Papa mimi, halafu akakuachia wewe. Na wewe unapigiwa makofi."

Ibalari alicheka, lakini uso wake haukucheka. "Wewe alikupa kazi. Mimi aliniachia sanduku. Unajua nilimwomba mara ngapi anifundishe kulehemu? 'Hiyo ni kazi ya Kong wako, usiguse.' Miaka yote. Nawasikia mnacheka karakanani, mimi natumwa nikapike chai. Na mpaka leo, waya mmoja ukikatika, lazima nije kwako niinamishe kichwa. Unadhani mimi sina moyo?"

Maishani mwake Phidalia hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeweza kumwonea yeye wivu.

"Iweke hapo mlangoni," Ibalari alisema. "Na leo usikae, tafadhali. Nina hasira, na sitaki kukuambia maneno ambayo Mei atakuja kuyasikia."

Phidalia aliiweka, akatoka, akashuka kilima kwa miguu mvua ikimnyeshea.

Msimu wote wa mvua hawakuzungumza ila salamu za kanisani. Mei aliwauliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alijibu kwamba kazi zimemzidi. Kijicho nacho hakikuhama. Habari zilipokuja kwamba Ibalari ameitwa kupiga mji wa Guwahati, Phidalia alihisi kile kitu kikimbana palepale pa siku zote, akajishika mezani mpaka kikapita. Safari hii angalau alikijua jina.

Mwezi wa tisa, asubuhi moja, Ibalari aliingia karakanani bila kubisha. Mkononi alikuwa na waya wa gitaa uliokatika shingoni, karibu na plagi.

"Weka hapo," alisema Phidalia. "Dakika mbili tu."

"Sijaja kutengenezewa. Nimekuja unioneshe."

Phidalia alimtazama. Kisha akavuta kigoda cha pili, akawasha chuma cha kulehemu, akamwonesha namna ya kukishika kama kalamu, mbali na ncha, na kuupasha moto waya kwanza kabla ya kuleta lehemu. Ibalari alikuwa na haraka. Kiungo cha kwanza kilitoka donge, cha pili kikamchoma kidole, akatukana na kukitia mdomoni.

Na Phidalia, Mungu amsamehe, alifurahi kidogo. Halafu akamsogezea bakuli la maji, akasema, "Kata hapo. Anza upya."