Mipira ya Kushikia Breki

Mume wangu alikuwa akijikata mikono bila kujua kwamba anajikata. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla hisia zote, kuanzia viganjani hadi ncha za vidole, kiasi kwamba ungempa kikombe cha chai kinachofuka moshi akakikumbatia kama kifaranga. Mimi ndiye niliyeiona damu kwanza. Ilikuwa imechuruzika kwenye usukani wa baiskeli na kuganda, na yeye bado anakanyaga pedali huku anapiga mluzi.

Baiskeli yenyewe niieleze, maana si ya kubebea mizigo. Ni ya mashindano, nyembamba, na usukani wake umepinda kwenda chini kama pembe za kondoo dume. Aliiendesha ujanani, miaka ile watu wakimwita Mshale. Alipoishiwa nguvu za kwenda barabarani aliunda stendi ya mbao akaifunga humo, gurudumu la nyuma likaning'inia juu ya sakafu. Ikakaa chumba cha nyuma pamoja na cherehani yangu, ndoo, na magunia mawili ya makaa. Kila asubuhi baada ya chai alivaa viatu vyake vyembamba vya ngozi, akapanda, akakanyaga saa nzima bila kwenda popote.

"Leo baba amefika wapi?" binti yetu alikuwa akiuliza kila akija kutusalimia.

"Mwulize mwenyewe. Mimi sikupakiwa."

Kwenye baiskeli ya namna hiyo, mwendeshaji huegemeza mikono juu ya vichwa vya breki, pale breki zinapofungwa kwenye usukani. Uzito wote wa kifua unashukia hapo. Ndiyo maana kila kichwa huvalishwa mpira, mfano wa soksi. Mipira yake ilikuwa na umri wa miaka arobaini. Ilianza kunata kama gundi, ikakauka, ikapasuka, mwisho nikawa naifagia sakafuni vipande vipande nikidhani ni mavi ya panya. Chuma kikabaki uchi, na kina ukingo. Ukingo huo ndio uliokuwa ukimtafuna kati ya kidole gumba na cha shahada.

Nesi wa zahanati alikifungua kidonda, akakiangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Bibi, hiki kikipona, sawa. Kikirudi mara nyingine, sitakuficha, gumba litaondoka. Watu wa sukari vidonda vyao havina subira. Kila siku mwoshe, mwangalie, mfunge. Na miguu pia muiangalie."

"Nimesikia, mwanangu," nikasema, huku nakunja bandeji kwenye kikapu.

Nyumbani binti yetu hakutaka maneno mengi.

"Mama, hilo libaiskeli liondoke. Kesho. Nitaleta mtu alichukue."

"Ukilichukua, na baba yako umchukue ukamlaze kwako."

Hapo akaikumbuka ile miezi minne. Kabla ya stendi kuwapo, mzee alilala akiwa ameelekea ukutani miezi minne mizima. Hakuwa na homa, hakuwa na maumivu. Nilikuwa namlisha kama mtoto, namgeuza kama godoro, na ukimwuliza unataka nini anasema hakuna. Kilichomwinua ni baiskeli ile. Sasa nikiiondoa, nampoteza. Nikiiacha, mkono unakwenda. Hapo katikati palikuwa na kitu kimoja tu, jozi ya mipira.

Nilijaribu kwanza kwa akili zangu. Nilizungushia kitambaa cha flana, nikashona kwa uzi wa mkonge. Kikateleza, ukingo ukatoka kwa chini. Nikakata mpira wa ndani wa tairi, nikaufunga kwa kamba. Ukajikunja na kufanya mkunjo mgumu uliomkwaruza mahali papya.

"Bibie, unaivalisha nepi?" mzee akaniuliza.

"Naivalisha kama ninavyokuvalisha wewe. Teremka niifunge vizuri."

"Waya wa breki unatokea juu, huoni? Umeuziba. Hata breki hazibani."

Ilikuwa kweli. Baiskeli za zamani waya wake hutoka juu ya kichwa cha breki ukapinda hewani kama upinde, kwa hiyo mpira lazima uwe na tundu lake. Nikachukua gazeti, nikapiga patani kama ya kukata kola, nikaweka alama ya tundu kwa kalamu, nikaanza kuzunguka madukani.

Nikakuta kila nikisema mpira wa breki wananiletea vile vipande vidogo vinavyobana gurudumu. Duka la kwanza, la pili, la tatu. La nne alikuwako msichana mwenye adabu, akaitandaza patani yangu juu ya kaunta, akanitolea mipira mipya kwenye karatasi ya plastiki. Ilikuwa mikubwa, minene, kama pua za ng'ombe.

"Ndiyo iliyopo, bibi. Breki za siku hizi ndivyo zilivyo."

"Na za zamani?"

"Za zamani, bibi, labda umtafute mtu wa zamani." Halafu akashika mdomo. "Samahani, sikukusudia."

"Usijali. Umemwona mmoja, umebakiza kunipa wa pili."

Aliyenipa wa pili ni fundi baiskeli mwenye kibanda nyuma ya soko, mtu mfupi, mikono myeusi hadi viwikoni. Aliiangalia patani, akanusa kana kwamba gazeti lina harufu ya kitu anachokifahamu.

"Mama, mjini humu nazijua baiskeli mbili tu zenye breki hizi. Moja ya Mshale."

"Huyo ni mume wangu."

"Basi nyingine ni ya Kijiti."

Nikamshukuru, nikatoka, nikasimama juani. Kijiti na mume wangu hawajasalimiana miaka thelathini na sita. Kwenye kona ya mwisho ya mashindano fulani Kijiti alianguka akavunjika mfupa wa bega, na alisema mbele ya watu kwamba Mshale alimgusa kwa makusudi. Mume wangu alisema hakumgusa. Walikuwa hawatengani kabla ya hapo. Kijiti alikuwa akila kwangu hadi nakijua kijiko anachokipenda. Baada ya hapo, wakikutana njiani mmoja anavuka upande wa pili.

Nilikaa siku tatu bila kwenda. Siku ya nne nikafungua bandeji, nikaona kidonda kimefumuka tena pembeni, na nyama yake imekuwa na rangi ya kijivu. Nikajifunga mtandio, nikaenda.

Anakaa peke yake, vyumba viwili, nyuma ya karakana ya maseremala. Alinifungulia mlango akiegemea fimbo.

"Shemeji!" akasema. Halafu akautazama uso wangu. "Amekufa?"

"Hajafa."

"Basi karibu, kaa. Umenishtua."

Nikamweleza, tena kwa kirefu, maana sijui kueleza kwa kifupi: ganzi, damu, nesi, nepi, pua za ng'ombe. Alisikiliza huku anasugua magoti yake. Baiskeli yake ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya kitanda, imefutwa vumbi, na mipira yake imepakwa poda kama shingo ya mtoto mchanga.

"Mimi siiendeshi," akasema. "Magoti yamegoma. Lakini siku ukiona kitu kimetundikwa hivi, shemeji, ujue mtu bado anadanganya roho yake."

"Sijaja kukunyang'anya."

"Umejia nini sasa, kunisalimu?"

Nikaitazama mipira. Akacheka kidogo, cheko la pua. Akaniagiza niteremshe baiskeli, nichemshe maji, nilete sabuni. "Sabuni, siyo mafuta. Mafuta yanaozesha mpira." Akaitia mipira maji ya moto kwa kitambaa, polepole, akaikunja kuanzia chini kama mtu anayemvua mtoto soksi akiwa amelala. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Mara mbili alisimama, akapumua. Ilipotoka, vyuma vyake vikabaki uchi kama vya kwetu, na sikuweza kuvitazama.

"Mwambie umenunua."

"Nitamwambia."

"Na mwambie…" Akazungusha fimbo. "Basi. Usimwambie chochote."

Niliivalisha siku hiyo hiyo alasiri, mzee akiwa amelala, kwa maji ya moto na sabuni kama nilivyoonyeshwa. Ilikaa sawasawa. Tundu lilikaa penye waya. Nikapitisha gumba langu kila mahali, sikupata ukingo hata mmoja.

Asubuhi alipanda, akaweka mikono, akaanza kukanyaga. Hakugundua kitu kwa kushika; kwake chuma na mpira vilikuwa ni kimoja. Aligundua kwa macho. Akaacha kukanyaga, akainama.

"Hii umeipata wapi?"

"Dukani."

"Duka gani linauza kitu kilichokwisha kushikwa?" Akaegemeza uso karibu, akauangalia wa kushoto, mahali palipobonyea. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameendesha ubavuni mwa mikono iliyopabonyeza. "Kijiti hajambo?"

"Hajambo. Magoti tu."

"Alikuwa anapenda gia nzito," akasema. "Nilimwambia."

Akaendelea kukanyaga. Mluzi hakupiga siku hiyo.

Kidonda kikaanza kufunga. Nilikuwa nakiosha asubuhi na jioni, nikikiangalia kwenye mwanga wa dirisha, na kila siku kimepungua kwa upana wa uzi. Wiki ya pili nesi mwenyewe akasema, "Bibi, mkono huu umeuokoa." Nilirudi nyumbani nimenyoosha mgongo.

Wiki hiyo hiyo chumba cha nyuma kikaanza kunuka. Nikajua panya amefia mahali. Nilihamisha magunia ya makaa yote mawili, nikatoa ndoo, nikafungua hadi sanduku la cherehani. Binti yetu akaja akashika ufagio, tukageuza chumba juu chini.

"Panya gani huyu, mama, ananuka bila mwili?"

"Atakuwa ndani ya ukuta."

Mzee alikuwa juu ya baiskeli akitutazama tunavyohangaika. "Labda ni mimi," akasema, na sote tukacheka.

Binti yetu ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alikuwa amepiga magoti, anafagia chini ya stendi, na uso wake ulikuwa karibu na pedali. Akaniita kwa sauti ndogo. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimelowa kwenye mshono.

Viatu vile na soksi zake alivivaa na kuvivua mwenyewe, mlango umefungwa. Ndicho kitu pekee alichokuwa bado anajifanyia. Vifungo vingine vyote nilimfunga mimi, chakula nilimkatia mimi, lakini viatu vyake vya mashindano alisema mwanamke havigusi, na mimi nikamwachia heshima hiyo. Ndani kulikuwa na msumari mmoja uliotokeza kwenye soli, mdogo kama punje ya mchele. Alikuwa akiukanyaga saa nzima, kila asubuhi, sijui kwa siku ngapi. Nilipoivuta soksi haikuja peke yake. Vidole viwili vilikuwa vyeusi.

"Unauma?" binti yetu akamwuliza, analia.

"Mbona unalia? Hauumi," akasema. "Hakuna kinachouma."

Hospitalini waliukata mguu chini ya goti. Daktari alisema tungekuja mapema vingekatwa vidole tu. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anajaza karatasi. Nesi wetu alikuja wodini siku ya pili, akasimama miguuni mwa kitanda, hakunilaumu hata kwa jicho. Ingekuwa nafuu angenilaumu. Wiki zile zote nilizozunguka na gazeti langu, kila siku nikishika mkono ule kama yai, mguu ulikuwa unaoza hatua mbili kutoka nilipokaa. Maneno yake ya miguu niliyasikia. Nilikuwa nakunja bandeji.

Kijiti alisikia, akatuma salamu kwa fundi. Nikamrudishia ujumbe kwamba mipira yake ipo, aje aichukue wakati wowote. Jibu lililokuja ni kwamba amepotewa na njia ya kwetu.

Sasa mzee yuko nyumbani. Analala ameelekea ukutani. Mkono umepona kabisa, pamebaki mstari mweupe tu kati ya gumba na kidole cha pili, na nikimpa kikombe anakishika. Ukimwuliza anataka nini anasema hakuna. Binti yetu hakuitaja tena baiskeli, wala kuileta habari ya mtu wa kuichukua.

Saa ileile ya asubuhi, baada ya chai, mimi huenda chumba cha nyuma, maana miguu yangu imezoea. Nafuta vumbi kwenye tandiko, napaka mipira poda isije ikanata. Juzi ndipo aliponiita mara ya kwanza akiwa kitandani.

"Unafanya nini huko?"

"Nafuta vumbi."

Nikadhani amerudi kulala. Halafu akauliza, "Breki zinashika?"

Nikasukuma pedali kwa mkono hadi gurudumu likazunguka kwa nguvu, nikaweka viganja vyangu juu ya mipira ile, nikabana. Gurudumu likasimama papo hapo.

"Zinashika," nikamwambia.

"Haya."

Nikasikia kitanda kikilia, anageuka. Nilipokwenda kumtazama alikuwa amejifunika hadi kichwani, na chai yake iko palepale nilipoiacha, imeweka utando juu.