Fimbo Iliyozeeshwa Ushirombo

Makoye aliibadilisha fimbo ya uganga ya babu yake kwa redio. Babu alikuwa amepofuka, akamwachia aitunze. Mchimbaji mmoja wa Nyarugusu aliamini fimbo ile ingemwonyesha mwamba wenye dhahabu, na Makoye aliamini redio ile ingeimba maisha yake yote. Betri zilikufa kabla mwezi haujaandama.

Mwaka wa sabini na sita babu akafariki, na ukoo ukatangaza kwamba pamba ikishavunwa, mrithi ataisimamisha fimbo mbele ya wazee. Asiye na fimbo hana uganga. Uganga ungekwenda kwa binamu yake Mageni, ambaye hakuwahi kumshinda Makoye hata kwenye bao, na sasa alikwishaanza kumwita "mgonjwa wangu".

Makoye akapanda baiskeli mpaka Ushirombo kwa Otmar, seremala wa misheni. Akamweleza: mninga, urefu wa kufika kifuani, juu yake ndege aliyeinama, na ifikapo mwezi wa nane iwe imetimiza miaka themanini. Otmar hakushangaa. Alisema uzee wa mti amefundishwa na sanamu ya Mtakatifu Yosefu, maana yeye ndiye anayeiziba matundu ya wadudu kila Kwaresima.

Akailaza fimbo siku tatu kwenye mkojo wa ng'ombe, akaitundika wiki mbili juu ya moshi jikoni kwa mkewe Theopista, aliyelalamika kwamba mboga zinanuka zizi. Kisha akaitoboa matundu ya wadudu kwa spoki ya baiskeli iliyopashwa moto. Makoye alipoipokea, nusura aiamkie shikamoo.

Siku ya wazee, Mageni aliigeuza, akainusa, akaipitisha kwa wa pembeni. Fimbo ikafika kwa shangazi Limi, binti wa marehemu. Akapitisha kidole kwenye matundu, moja baada ya jingine, akaanza kulia.

"Baba aliipaka samli kila mwezi ulipoandama," alisema. "Mimi ndiye niliyemshikia kibuyu. Haikuwahi kuingiwa na mdudu hata mmoja. Ng'wanawane, mwanangu, umewafanyia nini babu zako?"

Makoye akaelewa, kwa kuchelewa, kwamba Otmar ameizeesha kama watakatifu wanavyozeeka, nao hawapakwi samli. Mageni akadakia kwamba labda siyo yenyewe.

"Nyamaza wewe," shangazi akamkata. "Mwongo angeleta inayong'aa. Nani achonge aibu kama hii halafu aibebe mbele za watu?"

Wazee wakaona ni kweli. Makoye akarithi, lakini kwa adhabu: achinje dume la ng'ombe, na kwa mwaka mzima aipake fimbo samli kila asubuhi mbele ya shangazi, ambaye kwa kazi hiyo alihamia kwake na kuku wake saba.

Hapo ndipo jasho lilipomtoka. Samli ilianza kula masizi na kuziba matundu. Mwezi wa tatu ndege akafumbua jicho. Wa sita, wekundu wa mninga mbichi ukachungulia. Makoye alipapasa kwa ncha za vidole kama mtu anayempaka mtoto mchanga, na shangazi akamwambia akaze mkono.

Asubuhi moja shangazi aliinyanyua juani. Ilikuwa mpya kama imetoka randani jana. Akaita majirani, na Makoye akaanza kuangalia njia ya kukimbilia.

"Mmeona?" akasema shangazi. "Babu zake wamemsamehe."

Tangu hapo wagonjwa walitoka hata Geita kuja kuiona fimbo iliyorudi ujana. Siku moja akaja pia yule mchimbaji, akidai redio yake. Alisema fimbo haikumwonyesha kitu zaidi ya mawe, akaitua miguuni pa Makoye, imepauka kwa vumbi.

Shangazi aliisukuma kwa kidole cha mguu.

"Siku hizi kila tapeli anachonga ya kwake," akasema. "Tena huyu hata ndege hajui kumchonga."

Mchimbaji akamtazama Makoye. Makoye akachovya kitambaa kwenye samli, akaendelea kupaka.