Kimbunga Hakishushwi Kama Kontena

Kariakoo tunajua kungoja mzigo. Ukiagiza ndoo na mabeseni kutoka China hutulii. Kila asubuhi unashika simu kuangalia meli iko wapi. Leo Singapo, wiki ijayo Kolombo, halafu unaona alama yake inasogea pwani yetu. Na ikitokea meli imeshusha Mombasa badala ya Dar, basi umeshajua, mzigo uko Mombasa, hapa hakuna kitu, weka simu mfukoni. Ndivyo tulivyozoea kufikiri sisi wa maduka, na ndivyo tulivyokifuata kile kimbunga cha mwezi wa tano. Naandika ili mwingine asikifuate hivyo, hasa mwenye mtoto anayekaa bondeni.

Binti yangu Lucky alikuwa na mimba yake ya kwanza, imekaribia kutimia, na presha ilikuwa inampanda. Daktari alimwambia mbele yangu, "Kichwa kikiuma au tumbo likikaza, usingoje kesho. Njoo hapa saa hiyohiyo." Hospitali yenyewe iko Upanga. Mimi nakaa Kariakoo, ghorofani juu ya maduka, na kutoka kwangu mpaka hospitali bajaji haichelewi. Lakini Lucky na mumewe Pantaleo wamepanga Magomeni Suna, ng'ambo ya bonde la Jangwani. Mtu wa Dar hahitaji kuelezwa. Mto Msimbazi ukijaa, Jangwani panafungwa, na wa Magomeni anabaki Magomeni.

Kwa hiyo redio ilipoanza kusema kuna kimbunga kinakuja upande wetu, nilimfuata mwanangu na kumleta kwangu pamoja na begi lake la kujifungulia.

"Mama, hicho kimbunga bado kiko karibu na Komoro huko," akalalamika.

"Ndiyo maana nakuchukua kikiwa Komoro. Kikifika Jangwani nitakuchukua na nini, ngalawa?"

Nilikifuata kimbunga kile kuliko nilivyowahi kufuata mzigo wangu wowote. Nilikuwa na ile ramani kwenye simu yenye duara jekundu na mstari unaoonyesha njia, nikiitazama huku nahudumia wateja. Basil wa duka la feni na taa, aliye ukuta kwa ukuta na mimi, akapata la kuchekea.

"Mama Lucky, shikamoo. Kontena lako limefika wapi leo?"

"Marahaba. Liko mashariki ya Mafia, na likifika hapa wewe ndiye utakayelipokea, maana wengine litawapeperusha. Wewe una tumbo la kulizuia."

Watu wakacheka, na kuanzia hapo nikaitwa Mama Kimbunga. Sikuwalaumu sana. Miaka ya nyuma kilitangazwa kingine, tukafunga maduka, kikafia hukohuko baharini, na wapo ambao mpaka leo wanakiongelea kama mteja aliyeahidi kuja na asije.

Sasa nataka niseme wazi jambo moja. Tangazo halikutuficha kitu. Shule yangu mimi ni ya msingi, lakini maneno yale yalikuwa Kiswahili chepesi: upepo mkali, mvua kubwa, maji ya bahari kupanda kuliko kawaida, wa mabondeni na wa ufukweni wachukue tahadhari mpaka itakapotangazwa kwamba hali ni shwari. Mpaka itakapotangazwa. Niliyasikia asubuhi na jioni. Lakini masikio yetu yalikuwa yanatafuta kitu kimoja tu, jina la mahali. Kitatua wapi? Kilwa? Mafia? Hapa?

Siku ilipofika ilikuwa Jumamosi. Kulikuwa na manyunyu na upepo wa kupeperusha maturubai, si zaidi. Mashuka na mapazia ya duka la mbele yangu ni ya Fakhriya, jirani yangu wa miaka mingi, na yeye ana shangazi Mafia. Asubuhi ile shangazi alipiga simu. Fakhriya akaiweka kwa sauti ya juu tukamzunguka.

"Bahari imeingia barazani, mwanangu," yule mama alikuwa anasema, na nyuma yake kunasikika vishindo. "Mabati ya jirani yameondoka yote. Tuko msikitini, tumebanana, tuombeeni." Simu ikakatika.

Basil alikuwa ameshaandika kwenye grupu letu la mtaa: *Mzigo umeshushwa Mafia. Wateja wa Dar poleni, jaribuni mwakani.* Vikaragosi vya kucheka vikafuatana.

Na mimi nilicheka. Wasiwasi wa siku zote zile ulinitoka ghafla, kama unapotua ndoo ya maji kichwani na shingo ikarudi kuwa yako. Nikamtuma mtu soda za baridi kwa wote waliokuwa pale. Fakhriya bado alikuwa ameshika simu, machozi yanamtoka, anajaribu kupiga tena na haipatikani. Nikamwekea soda yake juu ya mashuka.

"Shoga, huko kuna watu," akaniambia.

Nikasema pole. Ilikuwa pole ya mdomoni.

Mchana mvua ilikatika kabisa, hata jua likachungulia. Lucky akashuka ngazi polepole, mkono mmoja ukutani.

"Mama, si kimeshafika? Niruhusu sasa. Umenifungia kama kuku wa Krismasi."

"Unataka kwenda wapi?"

"Kwangu. Nguo za mtoto hata sijazifua. Nikazifue, nimwone Pantaleo, kesho tukitoka kanisani narudi kwako. Mama, nimeumwa na mgongo kwenye hicho kitanda chako."

Siku mbili nyuma ningemjibu nini, nyote mnaweza kukisia. Siku ile niliita bajaji mimi mwenyewe. Nikamwambia dereva aendeshe taratibu kwenye mashimo ya Jangwani, nikamfunga Lucky khanga yangu mabegani.

"Nenda mama," nikamwambia. "Kimeshafika kwa wenyewe."

Alasiri mvua ikarudi. Haikuwa ile yetu ya kupiga na kupita. Hii ilikaa juu ya mji ikamwaga, ikamwaga, mpaka maji ya mtaani yakapanda ngazi ya duka langu. Nikampigia.

"Nimelala kidogo, mama. Kichwa kinaniuma."

"Kinauma tangu saa ngapi?"

"Si sana. Nimekunywa maji."

"Lucky, toka hapo! Mwamshe mwenzio, mtoke sasa hivi!"

Nilikuwa bado nabishana na shati langu, natafuta mkono wa kuingia, simu ikaita. Pantaleo.

"Shikamoo mama. Maji yamefika kitandani. Nimembeba mpaka barabarani, tumepata bajaji, lakini Jangwani wamefunga. Kigogo nako hakupitiki. Na tumbo limeanza kumkaza."

"Zungukeni Kinondoni, mpite daraja la Salenda. Msisimame. Nawakuta hospitali."

Nilipogeuka, Fakhriya alikuwa anateremsha mlango wa duka lake. Shangazi yake hajampata hewani tangu asubuhi, na mimi ndiye niliyemwekea soda juu ya msiba wake. Akapiga kufuli, akanigeukia. Alisema, "Gari yangu iko nyuma ya soko. Twende."

Tulifika hospitali, hawapo. Tukangoja getini. Nikimpigia Pantaleo ananijibu neno lilelile, foleni, mama, foleni. Magari yote ya ng'ambo yaliyozoea kupita Jangwani na Kigogo yalikuwa yamehamia Salenda. Mwisho Fakhriya akawasha gari tena tukaenda kuwapokea, na karibu na daraja tukakwama na sisi. Akaipandisha gari pembeni ya barabara, tukashuka tukatembea kwenye mvua.

Daraja la Salenda nimelivuka miaka yote bila kulitazama. Mto Msimbazi unatoka mjini unaingia baharini hapo. Siku ile haukuwa unaingia popote. Bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye kingo, mawimbi ya kahawia yanapita chini yetu kuelekea mjini, na makopo, magogo na godoro la mtu vilikuwa vinaelea kurudi juu, vinarudi kule vilikotoka.

"Maji bamvua," Fakhriya akasema, akimaanisha yale makubwa ya mwezi mwandamo. "Na upepo unayasukuma. Mto umezibwa mdomo."

Nilisimama pale nikaelewa kitu ambacho ramani yangu ilikuwa inanionyesha siku zote na sikukiona. Kimbunga kilikuwa kimetua Mafia, ni kweli. Lakini kilikuwa kikubwa kuliko Mafia. Lile duara jekundu lilikuwa kiini tu. Mvua yake ilikuwa juu ya vichwa vyetu na bahari yake ilikuwa mlangoni kwetu, na katikati ya mvua na bahari ndipo palipokuwa na chumba cha mwanangu.

Tuliiona bajaji upande wa Kinondoni, imebanwa kati ya lori na basi. Nilianza kugonga vioo vya magari nikiomba yasogee. Dereva mmoja akashusha kioo. "Mama, hata mimi nina haraka! Unadhani sisi tumekuja kupunga upepo?" Halafu akatazama kule nilikokuwa namwonyesha, akazima gari, akashuka. Vijana wa bodaboda nao wakaja.

Pantaleo alikuwa amelowa mpaka kifuani, kichwa cha Lucky kikiwa mapajani mwake. Uso wa mwanangu ulikuwa umevimba. Alinitazama, akasema kwa sauti ya chini, kama anayeniomba nimkatalie:

"Mama, hachezi."

"Tangu wapi?"

"Tangu Magomeni."

Wanaume wanne nisiowajua walimbeba kwenye khanga wakavuka naye daraja kwa miguu, Pantaleo anashika kichwa, mimi nakimbia pembeni nasema maneno ambayo siyakumbuki. Fakhriya alikuwa ametangulia kugeuza gari. Hospitali walitupokea mlangoni na wakafanya kila kitu, hilo lazima niliseme. Lucky walimwokoa. Mtoto alikuwa wa kike. Daktari alinieleza kwamba kwa ile presha kondo la nyuma liliachia kabla ya wakati. "Wangefika mapema kidogo," akaanza, halafu akanitazama akaacha. Sikumwomba amalizie.

Fakhriya alimpata shangazi yake keshoye. Mzima. Nilimfuata dukani nikampa pole upya, ya kweli safari hii, akaipokea, lakini nadhani kila mmoja wetu alijua imechelewa. Basil ameufuta ule ujumbe wake. Akiniona sasa ananiamkia kwa heshima na kuinama kwenye feni zake, na kuna siku natamani anitanie tu.

Basi ninachosema ni hiki. Wakikitangaza tena, usiulize tu kimetua wapi. Uliza bahari itajaa saa ngapi. Uliza mto wa karibu na mtu wako unatokea wapi, na kama bahari haitaupokea maji yake yatakwenda wapi. Ukishamtoa mtu wako bondeni, mwache hukohuko ulikompeleka hata akununie, hata jua liwake, mpaka wale wanaokipima waseme kimekwisha. Wasiposema, hakijaisha. Na ukisikia kimewafikia wengine, usishushe pumzi.

Kwetu Kilimanjaro mzazi hulishwa. Anapikiwa mtori, anapewa maziwa, hashiki ufagio mpaka mwili urudi. Mwili wa Lucky haukuwa umeambiwa kwamba hakuna mtoto. Maziwa yalitoka, yakalowesha blauzi, akawa anakaa amejifunika taulo kifuani anatazama ukuta. Mimi sikujua la kufanya, nikanunua ndizi na nyama ya mifupa, nikapika. Nikamkalisha, nikamshikisha kijiko.

Akala kidogo. Kisha bila hasira, kama mtu anayeuliza njia, akasema, "Mama, wewe unaogopa kila kitu. Unaogopa hata mvua ya manyunyu. Siku ile mbona uliniruhusu?"

Nikamwambia, "Nilidhani kimeshafika."

Akashika tena kijiko, akala mpaka nusu ya bakuli, akasema ameshiba. Nikalichukua bakuli nikaenda nalo jikoni, nikasimama pale bomba likiwa wazi mpaka Pantaleo alipokuja kulifunga.