Ufunguo wa Sanduku la Dawa

Fondo aliuza vitunguu katika soko la Marikiti mjini, lakini ungemsikia akijitambulisha ungedhani anaendesha wizara. "Mwenyekiti wa kamati ya afya," alisema, akiupigapiga ufunguo aliouvaa shingoni kwa uzi. Kijijini kwao, bara huko kupita Kaloleni, watu walikuwa wamechanga mahindi na kuku hadi wakapata sanduku la dawa za malaria. Kisha wakaanza kutiliana shaka: ufunguo akae nao nani? Basi akae nao Fondo aliye mjini, awe akija kila mwisho wa mwezi.

Naye hakutosheka. Aliwaapisha wote kiapo cha kwao: atakayevunja kufuli, nyumba yake isisaze mtu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini nani hulikumbuka hilo akiwa na jembe mkononi?

Mwaka wa tisini na saba mvua ikanyesha bila huruma. Jumanne moja Charo, mhudumu wa afya wa kijiji, akatokea baina ya magunia, matope hadi magotini. Daraja lilikuwa limezolewa na maji. Alitembea siku mbili.

"Salama, mwenyekiti?"

"Salama, ndugu yangu. Za nyumbani?"

"Nyumbani ni homa tupu. Nimeagizwa ufunguo."

Fondo akacheka. "Mngekaa nao nyinyi, leo sanduku lingekuwa tupu! Mgonjwa nani?"

"Mtoto wa jirani yako Kiti."

"Afadhali. Nilidhani wangu."

Charo akainamisha kichwa. "Mwanao Sidi ndiye aliyeanza. Mkeo alikaa mbele ya sanduku na shoka kutwa nzima. Tulimwambia, Mbodze, vunja, sisi hatutaona. Akasema kiapo ni cha mumewe, na anao watoto wengine wawili nyumbani."

"Akavunja?"

"Hakuvunja. Tulimzika Sidi, ndipo nikaondoka."

Fondo hakulia. Alijichukia tu. Akashika uzi auvue, vidole vikakataa. Fundo alilifunga mwenyewe, akalikaza, kwa kuogopa wezi wa sokoni. Akavuta na kuvuta mpaka shingo ikachubuka.

Charo akachukua kisu cha vitunguu, akaukata ule uzi, akaondoka mbio na ufunguo bila kuaga. Mtoto wa Kiti alikuwa angali hai.